Mama Mkwe Anasema Yuko Sawa, Sanduku Liko Chini ya Kitanda

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Mchaga wa Marangu, naishi Scarborough, upande wa mashariki wa jiji la Toronto, Kanada. Mume wangu ni Mchina wa Chengdu, mkoa wa Sichuan. Tulikutana huko huko kwao nilipokuwa nasoma kwa ufadhili wa serikali ya China, na mwaka 2019 tukahamia huku. Tuna mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu na wa kike wa miezi tisa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, na hapo ndipo penye kichekesho cha barua hii: wazee wa watu nawamudu kwa mshahara, mzee wa nyumbani kwangu ndiye amenishinda.

Namzungumzia mama mkwe. Ana miaka 62, ni mjane, na mume wangu ndiye mtoto wake pekee, maana alizaliwa enzi za ile sheria yao ya mtoto mmoja. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na wanawake wa viwandani kule walikuwa wanastaafu wakifika miaka 50. Kwa hiyo alikula pensheni yake mapema, na aliila vizuri. Asubuhi anacheza ngoma na wenzake uwanjani, wanawake arobaini kwa spika moja. Mchana yuko bustanini, kikombe cha chai mkononi, majong, mchezo wao wa vipande, mezani mpaka giza liingie. Nilimkuta katika maisha hayo. Alikuwa mama wa sauti kubwa, na kicheko kikubwa kuliko sauti.

Aprili 2023, nilipokaribia kujifungua, tulimleta kwa Super Visa, ile viza ya wazazi inayomruhusu mtu kukaa hadi miaka mitano bila kutoka. Alinilea mwezi mzima kwa desturi yao: nisiguse maji baridi, nisikae dirishani, ninywe supu ya kwato za nguruwe na maharage meupe mpaka maziwa yamwagike. Nilikosa mtori, lakini mama sikumkosa. Hilo sitalisahau, na ndiyo maana linaniuma.

Kila mwaka serikali ya kwao inamtaka mstaafu athibitishe kwamba yu hai, la sivyo pensheni inasimama. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na simu: unajitazama kwenye kamera, inakuamuru upepese macho, ufungue mdomo, ugeuze kichwa. Mwezi uliopita nilimshikia simu. Ikamkubali. Akaisoma, akasema taratibu, "Simu inasema niko hai." Kisha akaenda kumenya vitunguu saumu, mimi nikabaki nimeishika ile simu.

Tangu siku hiyo nimeanza kuona. Saa yake ya mkononi hajawahi kuibadilisha. Majira ya joto inalingana na ya kwetu, kwa kuwa tofauti ya huku na China ni saa kumi na mbili kamili, usiku wao ni mchana wetu. Ukifika wakati wa baridi inatutangulia kwa saa moja, naye anaiacha hivyo hivyo. Goti linamuuma na analificha, kwa sababu bima ya afya ya mkoa haimhusu na ile tuliyomnunulia ni ya dharura tu. Januari iliyopita alitengeneza mtungi wa achari, ile ya Sichuan ya mboga kwenye maji ya chumvi na pilipili inayotia ganzi ulimi. Mume wangu akalalamika harufu, mtungi ukatolewa kwenye baraza la ghorofani. Usiku mmoja maji yakaganda, mtungi ukapasuka. Aliokota vigae, akafuta, hakusema neno. Na juzi nikifagia chumbani kwake nimevuta sanduku chini ya kitanda, likawa zito. Limepangwa, Shangazi. Dawa zake, zawadi za dada zake, mpaka viatu vya kuchezea uwanjani.

Mume wangu haoni tatizo. Anasema mama anakula, analala, ana wajukuu, na mtaa wetu umejaa Wachina. Ni kweli umejaa. Ila bibi wa jengo la jirani ni watu wa Hong Kong, wanaongea Kikantoni, na yeye anaongea Kichina cha Sichuan. Alikwenda mara mbili kwenye majong yao. Kwao Sichuan wanacheza na vipande 108, wale wanaongeza vipande vya upepo na vya maua, sheria nyingine kabisa. Mara ya tatu akasema goti linamuuma.

Siku moja tulimpeleka Chinatown, kitongoji cha Wachina cha mjini, mtaa wa Spadina, mume wangu akamsimulia habari za Wachina waliokuja Kanada kujenga reli miaka ya 1880, kodi ya kichwa waliyotozwa mpaka ikafika dola 500 mwaka 1903, halafu sheria ya 1923 iliyofunga mlango kabisa hadi 1947, wanaume wakazeeka bila kuwaona wake zao. Akamalizia, "Wewe Mama umekuja kwa ndege na unakaa na mwanao." Mama akajibu, "Wale walikuwa wengi. Jioni walikaa pamoja."

Kazini tuna dodoso la kupima mtu ameridhika kiasi gani na maisha yake. Sentensi tano tu, unajipa alama 1 hadi 7 kwa kila moja. Nilimsomea kwa Kichina. Sentensi nne za kwanza alisema sita, sita, sita, sita. Ya mwisho inauliza kama ungepewa kuishi maisha yako upya, je, usingebadilisha karibu chochote? Akaniuliza, "Kuishi upya kuanzia mwaka gani?" Nikakosa la kusema. Akaniambia niandike sita.

Nimeweka akiba ya tiketi. Nataka nimkatie ya kwenda tu, nimpe siku yake ya kuzaliwa, mume wangu asijue mpaka niwe nimeshalipa. Lakini naogopa. Chekechea zina foleni, zamu zangu hazina huruma, na kusema kweli sijui kama namfanyia yeye au naosha dhamiri yangu. Nifanyeje?

Mkwe wa Scarborough

*

Marahaba, mwanangu.

Hiyo tiketi usiikate. Sababu nitakupa, ila kwanza weka simu mbali, usije ukabonyeza kabla hujamaliza kusoma.

Mimi ni mtu wa Pangani na Chengdu sijafika. Lakini nimewahi kuwa bibi wa kusafirishwa. Binti yangu alinipeleka Leicester, Uingereza, nikakae miezi sita nimlelee mtoto. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa pale pale uwanja wa ndege, likiwa linalia na limelowa. Kila jioni binti akirudi kazini ananiuliza, "Mama, uko sawa?" Namjibu, "Niko sawa, alhamdulillahi." Ningemjibu nini? Amechoka, macho mekundu, tiketi amelipa yeye, chakula ananunua yeye. Na uongo sikusema. Tumbo lilikuwa limejaa na kitanda kina joto. Ila zilipita siku nne, tano, sijasikia mtu akiniita kwa jina langu. Pangani nikitoka nyumbani kwenda kununua chumvi nasalimiwa mara ishirini, naulizwa mguu, naulizwa kuku, nasutwa kidogo, narudi chumvi nimeisahau. Kule Leicester nilikuwa "Mama" mchana kutwa, "Bibi" usiku kucha, na nje ya mlango sikuwa mtu yeyote.

Kwa hiyo hizo sita nne za mama mkwe wako nazifahamu. Ni adabu. Unampelekea dodoso mwanamke anayelala nyumbani kwako, anayekula mezani kwako, unamuuliza umeridhika? Hilo dodoso lenu nalijua pia, alilitunga mwanasaikolojia wa Marekani, Ed Diener, na wenzake, mwaka 1985, na limezunguka dunia nzima. Ni zuri kwa mtu anayejaza peke yake na hamwogopi wala hamhurumii anayemuuliza. Wewe anakuhurumia. Wachina wenyewe wana msemo kwamba aliye mbali hutuma habari njema, za huzuni hubaki nazo mwenyewe. Sasa mtazame: kwa dada zake Chengdu anatuma picha za wajukuu na theluji, kwako anasema sita. Huku mbali, na kule mbali. Aliyeambiwa ukweli ni sanduku peke yake.

Jibu la dodoso lako alilitoa mtaa wa Spadina. "Wale walikuwa wengi. Jioni walikaa pamoja." Mimi nimelisoma jibu hilo mara tatu na kila mara nimeweka miwani chini. Mumeo alimtajia watu waliodhulumiwa mno katika nchi hiyo, ili ashukuru. Yeye katika dhuluma yote ile akaona kitu kimoja cha kutamani. Hapo hakuna tena haja ya alama 1 hadi 7.

Haya, tuje kwenye tiketi. Hebu ifikirie kwa masikio yake. Mkwe, mke wa mtoto wake, anamkabidhi tiketi ya kwenda tu. Ya kurudi hakuna. Mwanawe hana habari. Kwetu Pangani jambo hilo lina jina, linaitwa kufukuzwa, na sidhani Sichuan lina jina zuri zaidi. Atatabasamu, atakushukuru, atasema ni zawadi nzuri. Halafu atafika Chengdu, dada zake watamuuliza kwa nini umerudi, naye atasema wajukuu wamekua, na maisha yake yote yaliyobaki atakuwa anajiuliza alikukosea nini. Na mumeo atajua kwamba mambo ya mama yake yanaamuliwa nyuma ya mgongo wake. Ulikuwa na nia njema kabisa, najua. Ni huo mkono unaoitoa ndio haufai.

Aongee mwanawe. Simtetei mumeo, lakini usimfanye jiwe. Mtoto wa pekee, baba hayupo. Akikubali kwamba mama hana raha Toronto, inabidi akubali na swali linalofuata: akirudi, nani atakuwa naye akiugua? Hana kaka wala dada wa kumsukumia. Ndiyo maana anahesabu: anakula, analala, ana wajukuu. Ni mtu anayejituliza. Mwambie ulichoniambia mimi, cha simu na cha sanduku, usimwambie kwa ugomvi, na usiongeze neno. Muache akae nacho siku mbili tatu.

Kisha amuulize mama, lakini asimuulize "Una furaha?" Hilo halijibiki. Wala asimuulize mezani wakitazamana. Waende sokoni wawili, au wakae jikoni wakikunja maandazi yao yale ya nyama, mikono ina kazi, macho yako chini. Na swali liwe na pande zote mbili ndani yake: "Mama, mwaka huu Mwaka Mpya ukale Chengdu na shangazi zangu. Ungependa turudi kukupokea mwezi gani?" Unaona? Hakuna anayeondoka. Kuna mtu anayekwenda kwao kula sikukuu.

Na hapa, mwanangu, umenishangaza. Wewe ni Mchaga. Desemba ikifika Watanzania wote tunajua barabara ya Moshi inavyokuwa, kila Mchaga na gari lake, na mzigo wake, na mbuzi wa kusubiriwa nyumbani. Hakuna anayesema Wachaga hawapendi Dar es Salaam. Wachina nao wana Sikukuu ya Machipuko, ndio Mwaka Mpya wao, mamilioni kwa mamilioni wanapanda treni kurudi kwa wazazi wao, na ya 2026 inaangukia tarehe 17 Februari. Mama mkwe wako amekosa mbili tayari, ya tatu inakuja. Katika watu wote wa dunia ulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa sanduku lile.

Jambo ambalo huenda mwenyewe hajaelezwa vizuri: Super Visa kwa kawaida ni ya kuingia na kutoka mara nyingi, na inaweza kudumu hadi miaka kumi. Akiondoka Januari hajaipoteza. Angalieni tarehe iliyoandikwa kwenye viza yake na tarehe ya pasipoti, mjipange na bima mpya atakaporudi, basi. Wazee wengi wanaamini wakitoka mlango unafungwa, kwa hiyo wanakaa kama mtu aliyeshika kiti kwenye basi, haja imembana na hainuki. Kwenda na kurudi kuna manufaa mengine: Januari na Februari ndiyo miezi ya barafu kwenu, na goti bovu na barafu havipatani. Na Chengdu goti litaonwa na daktari anayeongea lugha yake, kwa bima yake mwenyewe ya ustaafu.

Lakini goti lisisubiri Chengdu. Mkoa wenu wa Ontario una vituo vya afya vya jamii ambavyo vinapokea hata watu wasio na bima ya mkoa. Wewe uko kwenye sekta hiyo hiyo, ulizia cha karibu. Akienda, daktari aulize na usingizi, na hamu ya kula, na kama kifua kinambana. Watu wa umri wetu hatusemi "nina huzuni". Tunasema kichwa kinagonga, mgongo umekaza, moyo unakwenda mbio. Wachina wa rika lake wako hivyo hivyo, madaktari wameliandika jambo hilo miaka mingi. Inawezekana goti ni goti. Inawezekana goti limebeba na mengine.

Sasa nije kwenye lile ambalo umelificha katikati ya sentensi, foleni ya chekechea na zamu zisizo na huruma. Nimefurahi umelitaja. Mmemleta kwa upendo, na mmemleta kwa sababu mnamhitaji, na vyote viwili ni kweli kwa pamoja. Kosa halipo hapo. Bibi kulea wajukuu si utumwa, na wengi wetu tukinyimwa tunanuna. Kosa ni kwamba kazi yake haina mwisho wa siku. Wewe una zamu. Mumeo ana Jumamosi. Yeye ana nini? Kiwandani alikuwa na kengele ya kutoka. Kwako hana kengele.

Mpeni kengele. Siku mbili katika wiki, kuanzia saa nane mchana kwa mfano, awe hana mtoto mkononi, na msimuulize anakwenda wapi. Zamu zako zitalia, najua. Mwezi mmoja mtafute mlezi wa saa chache kwa hiyo akiba ya tiketi, maana tiketi ya mama anapaswa kuilipa mwanawe. Mpeni na kadi yake ya usafiri yenye salio, na pesa yake taslimu ambayo hatoi hesabu. Nakwambia kwa uchungu wa nafsi yangu: mwanamke aliyeshika mshahara wake tangu usichana, halafu pensheni yake, ukimfanya aombe dola tano za kununua kotimiri, umemkata mguu. Pensheni yake ipo Chengdu kwenye simu, haina kazi dukani Scarborough. Hilo mumeo hajawahi kuliwaza, nakuapia.

Atakwenda wapi? Hapo kwanza aende atakako, hata akakae kwenye benchi la duka kubwa atazame watu. Masomo ya Kiingereza ya bure ya serikali ya Kanada ni ya wakazi wa kudumu, mwenye viza ya ziara hapati. Lakini Toronto maktaba za umma zina vikao vya kuzungumza Kiingereza ambavyo hawakukagui karatasi, na zina rafu za vitabu vya Kichina. Asiende ajifunze Kiingereza cha kufanyia mtihani. Ajifunze kusema "basi hili linakwenda wapi" na kumjibu dereva. Kuna mtaalamu wa Kanada, John Berry, aliyetumia umri wake kuchunguza wahamiaji, na alichokiona ni kwamba mara nyingi wanaokaa vizuri ni wale wanaoshika cha kwao na kuingia katika cha wenyeji, vyote viwili. Mama mkwe wako kwa sasa hana hata kimoja. Cha kwao kimepasuka barazani, cha wenyeji hakijui.

Na hili la kwamba mtaa umejaa Wachina. Sensa ya Kanada ya 2021 imehesabu zaidi ya watu milioni 1.7 wenye asili ya Kichina, sawa. Nami Leicester niliambiwa kuna Waafrika tele, nikapelekwa kwenye shughuli, nikakaa saa tatu nikitabasamu kwa watu nisioelewa hata salamu yao. Rafiki yangu wa Leicester nilimpata sokoni, kwenye meza ya bamia. Mama wa Kihindi, sari ya kijani, koti zito juu yake. Nilikuwa nanung'unika peke yangu kwa Kiswahili kwamba bamia hizi zimekomaa, akanigeukia akasema, "Zimekomaa kweli, usinunue, twende kule." Amezaliwa Jinja, alitoka Uganda 1972 Amin alipowafukuza Wahindi. Miezi minne iliyobaki kila Alhamisi nilikuwa na mahali pa kwenda. Tulisengenya watu ambao hatujawahi kukutana nao. Niliporudi Pangani nililia, na sikulia kwa ajili ya mjukuu tu.

Sasa acheni kumtafutia Wachina. Mtafutieni mtu wa Sichuan. Makundi ya WeChat, ile programu ya simu ya Wachina, ya watu wa mkoa wao waliopo Toronto mumeo anaweza kuyapata kwa jioni moja. Wakipatikana wanne wanaojua vipande 108, wakaribisheni kwenu mara ya kwanza, wewe upike, wao wapige kelele. Na wakikosekana, yule atakayemfaa anaweza kutokea mahali msipopatarajia, mradi tu awe anatoka nje.

Akienda Chengdu akasema harudi, je? Inawezekana. Atakuwa amechagua akiwa na tiketi ya kurudi mkononi, na hilo ni tofauti kabisa na kukwama kule. Mtajipanga upya. Na inawezekana akikaa miezi miwili mitatu atakuta nyumba ni baridi, dada mmoja amehamia kwa mwanawe, wachezaji wa uwanjani wamebadilika, na ataanza kuuliza mjukuu ameota meno mangapi. Sijui atachagua nini, na wewe hujui, na nadhani yeye pia bado hajui. Habari za kumwombea ukazi wa kudumu ziacheni kwanza mpaka arudi.

Kabla ya yote hayo kuna kazi ya wiki hii, na hii ni yako wewe, haihitaji ruhusa ya mtu. Nunua mtungi. Maduka ya Kichina ya huko hayawezi kuukosa, ule wenye mfereji wa maji shingoni unaozuia hewa. Uweke jikoni, ndani, mahali pa wazi. Mumeo akilalamika harufu mwambie Shangazi amesema afungue dirisha. Sisi tuliolelewa na achari ya ndimu na embe inayokaa juani kwenye paa tunajua kwamba mtungi haununuliwi na mtu anayeondoka kesho. Nasikia maji ya achari ile ya Sichuan hayamwagwi, yanalishwa mwaka baada ya mwaka na yanazidi utamu. Kwa hiyo akisafiri kutakuwa na wa kuyatunza. Muombe akufundishe: chumvi kiasi gani, pilipili lini, utando mweupe ukitokea juu unafanyaje. Andika kwenye karatasi kwa Kichina chako, akusahihishe. Na akiwa Chengdu umpigie saa mbili asubuhi ya huko kwenu, kwake itakuwa saa tatu usiku, umwonyeshe mtungi kwenye simu akugombeze.